Mashine Ndogo za Gemu za Kizamani: Mzazi wa Ngana Ajue Nini Kabla ya Kununua

Wilaya ya Kyela huvuna kakao, mpunga na mawese, na fedha za mazao zinapoingia mkononi, bidhaa nazo hufuata. Miongoni mwa bidhaa hizo siku hizi ni vimashine vya gemu na vikompyuta vilivyotengenezwa kufanana na vile vya miaka ya 1980 na 1990. Mzazi wa Ngana anaweza kukutana navyo Kyela mjini, Kasumulu mpakani, Mwanjelwa jijini Mbeya, au kwenye simu, kwa muuzaji wa Kariakoo anayeahidi kutuma mzigo kwa basi. Boksi lina picha za kuvutia, limeandikwa gemu 620 au 10,000, na mtoto amekwishaanza kubembeleza.

Jibu langu nalitoa mapema. Kama unamnunulia mtoto kitu cha kuchezea, mashine ya bei ndogo yaweza kukufaa, mradi uijaribu mwenyewe kabla ya kulipa. Kama unataka kuagiza kutoka nje ile yenye jina kubwa, baki na fedha zako. Na kama umeambiwa kuwa hiyo ni kompyuta itakayomsaidia mwanao shuleni, usitoe hata shilingi kabla ya kuisoma sehemu ya kompyuta hapa chini.

Kilichomo ndani ya boksi

Biashara hii ilipata nguvu Novemba 2016, kampuni ya Nintendo ya Japani ilipotoa NES Classic, mashine inayoenea kiganjani, yenye gemu 30 ndani yake na isiyopokea kaseti. Marekani iliuzwa dola 59.99, na madukani ilimalizika upesi sana. Mwaka uliofuata ikaja SNES Classic yenye gemu 21 kwa dola 79.99. Desemba 2018 Sony nao wakatoa PlayStation Classic, gemu 20 kwa dola 99.99, na mwaka 2019 Sega wakaleta Mega Drive Mini. Upande wa kompyuta, kampuni ya Uingereza iitwayo Retro Games ilitoa C64 Mini mwaka 2018, ikifuatiwa na A500 Mini mwaka 2022, na The Spectrum mwishoni mwa 2024.

Mashine hizi hazina kifaa chochote cha zamani ndani yake. Zina chipu ya aina ile inayoendesha simu za bei nafuu, na juu yake kuna programu inayoiga tabia ya mashine ya kale mpaka gemu "iamini" kwamba imo ndani ya mashine yake halisi. Programu za namna hiyo zipo bure, na Sony wenyewe walitumia moja ya hizo za bure kwenye PlayStation Classic. Kwa hiyo sehemu kubwa ya bei inalipia umbo la mashine, jina la kampuni na ruhusa ya kutumia gemu zilezile.

Inalipia pia kumbukumbu, na hapa ndipo msomaji wa Ngana anapaswa kujiuliza kumbukumbu hizo ni za nani. Kompyuta ya Commodore 64 ilianza kuuzwa mwaka 1982, na ilimkuza mtoto wa Uingereza na wa Ujerumani. Tanzania Bara wakati huo ilikuwa bado chini ya katazo la mwaka 1974 la kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Zanzibar walikuwa na kituo chao cha televisheni tangu miaka hiyo ya 1970, lakini Bara ilisubiri hadi 1994 kupata kituo chake cha kwanza. Mtu aliyekuwa darasa la nne mwaka 1985 kando ya mto Songwe hakuwa na runinga ya kuchomekea mashine yoyote.

Kumbukumbu zetu zilikuja baadaye: kaseti za rangi zilizochomekwa kwenye mashine nyeupe, Mario, Contra, vita vya vifaru, kupiga bata kwa bunduki ya plastiki. Zile mashine zilitengenezwa Taiwan na China kwa kuiga Famicom, mashine ya Nintendo ya mwaka 1983, na vizazi vyake ndivyo vinavyouzwa hadi leo kwa makumi ya maelfu ya shilingi. Anayetaka kuukumbuka utoto wake wa Kyela hana haja ya kulipa dola 60 au 100, nauli ya mzigo, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18.

Tena zile zenye jina zina kasoro zake. PlayStation Classic ilipofunguliwa ilikutwa na gemu 9 kati ya 20 zilizo katika toleo la Ulaya la picha 50 kwa sekunde, hivyo zikaenda polepole kuliko toleo la Marekani. Ndani ya miezi michache ilikuwa ikiuzwa chini ya nusu ya bei. Nyaya za pedi za NES Classic zilikuwa fupi mno, hata mita moja hazifiki. Na C64 Mini, ambayo kwenye picha inaonekana kompyuta kamili, ina kibodi ya pambo tu. Vitufe vyake havibonyezeki, na ukitaka kuandika unachomeka kibodi nyingine kwa USB. A500 Mini ni vivyo hivyo. Mzazi aliyenunua akidhani mtoto atajifunza kuchapa atakuwa amenunua sanamu ya kompyuta.

Nintendo waliacha kuzalisha NES Classic miaka mingi iliyopita. Ukiiona leo ikiwa mpya kwa bei ya chini, shuku. Njia rahisi ya kuitambua ya kuiga ni kuhesabu: ya Nintendo ina gemu 30 na inatoa picha kwa HDMI. Ile iliyoandikwa gemu 620, au yenye waya wa AV wa njano, nyekundu na nyeupe, haikutoka Nintendo hata kama boksi linafanana kabisa. Inaweza kucheza vizuri tu, ila usiilipie bei ya jina.

Zinazopatikana kwetu

Za kwetu ziko za aina tatu, na kila moja ina namna yake ya kumwangusha mnunuzi.

Ya kwanza ni tivi gemu ya kaseti. Mashine nzima iko kwenye chipu moja iliyofunikwa kwa tone jeusi la gundi, kwa hiyo ikiungua fundi hana cha kubadilisha. Kinachoharibika zaidi ni vitu vya pembeni: waya wa pedi unaokatikia shingoni, vitufe vya mpira vinavyochoka, na meno ya mahali pa kaseti. Hivyo vinatengenezeka. Usishawishike na namba iliyo kwenye kaseti. Kaseti ya "9,999 ndani ya moja" huwa na gemu chache za kweli, na zilizobaki ni zilezile zilizobadilishiwa jina au zinazoanzia hatua ya mbele. Ukiwa dukani, fungua orodha, ruka hadi ukurasa wa katikati, kisha wa mwisho, cheza moja moja uone.

Kuhusu bunduki ya kupigia bata, jambo hili wauzaji hawalisemi: inafanya kazi kwenye TV ya chogo pekee. Bunduki hiyo ina jicho linalosoma mwanga wa kioo cha chogo kwa wakati maalumu, papo kwa papo. TV bapa huchelewesha picha kidogo na huwasha kioo chake kwa namna nyingine, kwa hiyo jicho haliupati mwanga linaoutarajia. Mtoto atafyatua siku nzima na bata hatadondoka. Kama nyumbani kuna TV bapa, usilipie bunduki.

Aina ya pili ni ya mkononi, ile yenye kioo kidogo na maandishi ya gemu 400. Kwa mtoto wa kijijini naiona ndiyo bora kuliko zote tatu, na sababu yangu ni betri. Nyingi kati yake hutumia betri ya umbo la BL-5C, lile la Nokia 1100. Betri ya aina hiyo bado inapatikana kwa mafundi simu, hivyo ile iliyokuja na mashine ikichoka unabadilisha na maisha yanaendelea. Mwambie muuzaji afungue mfuniko wa nyuma uone kwa macho yako. Kama betri imeunganishwa kwa risasi ndani, au ina umbo lisilojulikana, tafuta nyingine. Betri iliyoanza kuvimba isichajiwe tena, na mtoto asilale na mashine inayochaji chini ya mto.

Ya tatu ni kijiti kinachochomekwa kwenye HDMI ya TV, chenye pedi mbili zisizo na waya na memori kadi iliyojazwa gemu. Ndiyo ghali zaidi, na ndiyo yenye ahadi kubwa zaidi. Maandishi ya 4K kwenye boksi yapuuze, kwa sababu gemu zenyewe zilichorwa kwa picha ndogo za enzi zile na hakuna kijiti kinachoweza kuziongezea kitu ambacho hazikuwa nacho. Ugonjwa wake mkubwa ni memori kadi ya bei rahisi, ambayo hufa mapema na gemu zote huondoka nayo. Siku ileile uliyonunua, nenda steshenari yenye kompyuta, nakili kila kilichomo, kisha ukipata kadi nzuri ukihamishie humo. Pedi zake hutumia betri ndogo za AAA, mbili kwa kila moja, na hiyo ni gharama ya kila mara ambayo haikuandikwa kwenye bei.

Mikusanyo hii ya maelfu ya gemu kwa kawaida haina kibali cha wenye gemu. Nchini tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na mnunuzi ni vizuri ajue anachokinunua. Kuna pia upande wa vitendo: boksi lisilo na jina la mtengenezaji halina mtu wa kumdai. Likizima wiki ya pili, uliye naye ni muuzaji aliye mbele yako tu.

TV, umeme na unyevu wa ziwa

Kabla ya kutoka nyumbani, geuza TV yako uangalie nyuma. Kama kuna matundu ya njano, nyekundu na nyeupe peke yake, usinunue kijiti cha HDMI. Kama kuna HDMI peke yake, usinunue tivi gemu ya nyaya tatu. Kifaa cha kubadilisha kipo, lakini kinaongeza gharama na kitu kingine cha kuharibika. Wapo wanaodhani kuwa kuzimwa kwa mitambo ya analojia, kulikofika Mbeya mwaka 2013, kuliziua TV za chogo hata kwa gemu. Kulihusu matangazo ya hewani tu, na gemu haipiti hewani. Chogo yako inafaa bado.

Matumizi ya umeme ndiyo sifa kubwa ya mashine hizi. Kijiti au mini hula chini ya wati 5, wakati PlayStation 4 ya mwanzo hupita wati 100 gemu ikiendelea. Kwa nyumba ya sola hiyo ni tofauti ya kucheza na kukaa gizani. Nyingi huendeshwa kwa volti 5 za USB, hata kutoka kwenye pawabenki. Ukiona kijiti kinajizima na kujiwasha chenyewe, mara nyingi tundu la USB la TV halitoi nguvu ya kutosha, basi kitie kwenye chaja ya simu ya ampea 1 au zaidi.

Tivi gemu za zamani zinahitaji uangalifu mwingine. Nyingi hutumia volti 9, na upande wa chanya na hasi kwenye kichwa cha chaja yake unaweza kuwa kinyume na chaja nyingine iliyomo nyumbani mwako, hata kama inaingia bila shida. Kuazima chaja ya redio au ya king'amuzi kumeua mashine nyingi. Chaja iliyokuja na mashine iwekewe alama, na ikipotea, mpelekee fundi mashine yenyewe asome maandishi ya chini.

Ukanda wetu wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mto Songwe unapofurika, unyevu huingia hadi kabatini. Meno ya shaba ya kaseti hushika kutu. Wengi wetu tulizoea kuipuliza kaseti kwa mdomo, na ikikubali tunaamini pumzi ndiyo iliyoitibu. Kilichosaidia ni kuichomoa na kuichomeka upya, na pumzi iliongeza maji pale pasipotakiwa. Tumia pamba yenye spiriti kidogo, acha ikauke, kisha rudisha. Masika yakianza, hifadhi mashine na kaseti ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, mbali na sakafu.

Familia yenye mtoto mwenye kifafa imuulize mganga wa kituo cha afya kwanza, maana mwanga unaomweta haraka kwenye gemu unaweza kuwaamshia degedege baadhi ya wagonjwa.

Unatafuta kompyuta?

Sehemu hii ndiyo inayonigusa zaidi, kwa sababu ndipo mzazi anapopoteza fedha nyingi kwa nia njema. Ziko tivi gemu zenye umbo la kibodi, zinazouzwa kama kompyuta ya mtoto, zikiwa na kaseti ya kujifunza kuchapa na hesabu rahisi. Ubongo wake ni uleule wa Famicom. Haziendi intaneti, hazifungui faili la Word, na alichokiandika mtoto kwa kawaida hupotea ukizima. Mwaka 2008 mradi mmoja ulioitwa PlayPower ulijaribu kuzitumia nchini India kutengenezea gemu za elimu, ukiamini kuwa bei yake ndogo ingewafikia watoto wengi. Wazo lilikuwa jema. Kwa mwanafunzi wa leo wa Kyela, anayetarajiwa kujua kutafuta maarifa na kuandika kazi yake, mashine hiyo haimfikishi.

Kinachofikisha ni Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya Uingereza iliyoanza mwaka 2012 kwa dola 35. Raspberry Pi 400 ya mwaka 2020, iliyotangazwa kwa dola 70, imejengwa ndani ya kibodi kama kompyuta za zamani, na kibodi yake inaandika kweli. Inachomekwa kwenye TV yenye HDMI. Ina programu ya kuandikia, ina Scratch na Python za kujifunzia kutengeneza programu, na jioni inaweza kucheza gemu za kale kupitia programu ya bure. Hapa hapa Tanzania, shirika la Powering Potential lilitumia kompyuta za Raspberry Pi kwa umeme wa jua katika shule za sekondari za Karatu, zikiwa na maktaba ya masomo isiyohitaji intaneti. Shule isiyo na gridi iliweza. Gharama ya kuifikisha Ngana itapanda juu ya bei ya kiwandani, na kama inakushinda, laptopu ya mtumba iliyojaribiwa vizuri Mbeya ni bora kuliko kompyuta ya kuchezea iliyo mpya.

Na kabla ya yote hayo, angalia simu iliyomo mfukoni mwako. Simu ya Android ya kawaida ina nguvu kuliko NES Classic, na RetroArch ni programu ya bure isiyo na matangazo ya biashara inayoiga mashine nyingi za zamani. Vijana wengi tayari wanaijua PPSSPP, ambayo huchezesha gemu za PSP kwenye simu. Programu zenyewe ni halali, lakini gemu zake nyingi zina wenyewe, kwa hiyo tafuta zile zilizotolewa bure na watengenezaji wake. Pedi ya kuunganisha na simu inaweza kukupa furaha ileile bila mashine ya pili.

Neno moja kwa anayefikiria kununua mashine hizi ili afungue kibanda: vijana wanalipa kucheza mpira wa miguu kwenye PlayStation, na Mario wa mwaka 1985 hatawaleta wengi mara ya pili. Mashine inayopokea sarafu na kutoa fedha kwa mshindi, kama yale madubwi, ni jambo jingine kabisa. Hiyo ni michezo ya kubahatisha, inahitaji leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuigusa.

Dukani

Nenda na muda wa kutosha. Omba mashine iwashwe kwenye TV, ichezwe kwa robo saa, pedi zote mbili zijaribiwe kitufe kwa kitufe, sauti isikike, kisha izimwe na kuwashwa tena. Gusa chaja: ikiwa moto wa kuunguza baada ya muda huo, ikatae. Unayenunua kwa simu, omba video ya mashine yenyewe ikicheza, ikionyesha boksi lake, na kama inawezekana lipa mzigo ukifika. Unayevuka Songwe kununua Karonga, plagi na volti ni zilezile za kwetu, ila pita forodha Kasumulu na utunze karatasi, kwa sababu kurudisha bidhaa mbovu ng'ambo ya mpaka ni kazi nzito.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa ilingane na ilivyoelezwa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 iliunda Tume ya Ushindani, FCC, ambayo hushughulikia bidhaa bandia na udanganyifu kwa mlaji, na TBS husimamia ubora. Ukiuziwa "Nintendo halisi" yenye gemu 620, una haki ya kulalamika. Lakini malalamiko bila ushahidi hayafiki mbali, kwa hiyo mwambie muuzaji aandike kwenye risiti jina la bidhaa, aina yake na siku za dhamana mlizokubaliana, na usiondoke bila risiti hiyo hata kama mashine ni ya shilingi elfu ishirini.